Lexus ya Wizi Iliyofika Kampala: Traka Ilimfaa Nani?

Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Lexus RX450h moja iliyoibwa Uingereza ilikuwa imefika Kampala. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kufuatilia gari, traka, na wezi hawakukigundua. Alama zake zilionyesha gari likipita bandari ya Le Havre nchini Ufaransa, likaenda Oman, likashuka Mombasa, kisha likapanda barabara ya bara hadi Uganda. Polisi wa Uganda walipoifuata alama hiyo, wakishirikiana na Interpol na Shirika la Taifa la Kupambana na Uhalifu la Uingereza, NCA, waliishia kushika magari 28 ya kifahari, Lexus nyingine zikiwa miongoni mwake, yote yakiaminika kuibwa Uingereza. Thamani yake ilitajwa kuzidi pauni milioni moja. Upelelezi huo ulipewa jina la Operation Atlas.

Muuza traka yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam angefurahi kuwa na kisa cha namna hii cha kumsimulia mteja: funga kifaa changu, gari lako likienda hata ng'ambo ya bahari tutaliona. Na ni kweli, lilionekana. Lakini tulitazame jambo hili kwa macho ya mwenye gari. Mtu kaibiwa gari Uingereza. Gari limetoka nchini, limepakiwa melini Ufaransa, limezunguka hadi Bahari ya Hindi, limeshushwa, limevuka mpaka wa Kenya na Uganda, na muda wote huo traka imo ndani. Tukipima kwa kumrudishia mtu gari lake angali analihitaji, traka ile ilishindwa kazi. Tukipima kwa kingine, yaani kuwaonyesha polisi njia nzima ya magendo kuanzia Ulaya hadi Afrika Mashariki, ni vigumu kutaja kifaa kidogo kilichofanya kazi kubwa kuliko hicho.

Vipimo hivyo viwili huchanganywa sana. Mnunuzi analipia kimoja, na mara nyingi anayefaidika na cha pili ni mtu mwingine kabisa.

Kwa nini Kampala, na kwa nini kupitia Mombasa

Sababu ya kwanza ni usukani. Uingereza huendesha upande wa kushoto wa barabara, nasi Kenya, Uganda na Tanzania vilevile, urithi wa ukoloni ambao haujabadilika. Gari la London halihitaji kubadilishwa chochote ili litembee Kampala. Ulaya bara soko lake la wizi ni gumu, kwa kuwa usukani wa kulia hujitangaza wenyewe barabarani.

Sababu ya pili ni umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa, lakini gari linalokwenda Uganda linapita tu Kenya kama mzigo wa safari. Sheria za Uganda za wakati ule zilikuwa legevu zaidi. Katazo la magari yaliyozidi miaka 15 lilikuja baadaye, mwaka 2018. Hata hivyo Lexus ya kifahari huwa haina miaka mingi, kwa hiyo katika kisa hiki sheria ya umri si mzizi wa mambo. Mzizi ni kwamba gari la kifahari, jipya kidogo, lina wanunuzi wenye fedha, na bei yake halali, ukiongeza ushuru, ni kubwa kiasi cha kuacha nafasi pana ya faida kwa asiyelinunua.

Na Mombasa? Uganda haina bahari. Mzigo wake mwingi hushukia bandari ya Kilindini, Mombasa, halafu hufunga safari ya zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala kupitia mpaka wa Malaba au Busia. Makontena ni maelfu kwa maelfu. Kontena moja lenye magari mawili ndani, likiwa limeandikwa kwenye hati ya shehena kwamba ni vyombo vya nyumbani, halimshangazi mtu. Hilo si la kufikirika: mwaka 2019 maafisa wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya walishika bandarini Mombasa Range Rover zilizoibwa Uingereza, zimefichwa ndani ya makontena yaliyoandikwa vyombo vya nyumbani, safari ikiwa ya Kampala. Miaka minne baada ya Lexus yetu, njia ni ile ile na mwisho ni ule ule.

Sanduku la chuma

Sasa tuingie penye ugumu wa kiufundi, maana hapa ndipo watu wengi hudanganywa wanaponunua.

Traka ya kawaida ina kazi mbili, nazo ni tofauti. Ya kwanza ni kujua iko wapi. Kwa hilo hutumia mawimbi ya setilaiti za GPS zinazozunguka dunia umbali wa kilomita 20,000 hivi kutoka ardhini. Kifaa hakiziambii setilaiti chochote. Kinasikiliza tu, na kikisikia nne au zaidi kwa pamoja kinapiga hesabu ya mahali kilipo. Kazi ya pili ni kumwambia mwenyewe. Hapo hutumia laini ya simu, sawa na simu yako ya mkononi: hutuma ujumbe kwenye mnara ulio karibu, na mnara huupeleka kwa kampuni.

Lifungie gari ndani ya kontena la chuma, kisha uone kinachotokea. Mawimbi ya setilaiti yanafika duniani yakiwa hafifu mno, na bati la kontena huyakata. Kifaa hakijui tena kiko wapi. Mawimbi ya simu yana nguvu zaidi na huweza kupenya kwa taabu kupitia mpira wa mlangoni na matundu ya hewa, hasa bandarini ambako minara iko karibu. Kikipata mnara mmoja tu, kifaa chaweza kutoa taarifa kwamba kipo jirani na mnara fulani wa mji fulani. Hakitakuonyesha kontena namba ngapi, lakini kitakuonyesha bandari. Meli ikishang'oa nanga, bahari kuu haina mnara, kimya kinaingia. Inafika Oman, yenye bandari kama Salalah ambako makontena hupakuliwa meli moja na kupandishwa nyingine, taarifa zinarejea. Kisha kimya tena hadi Mombasa. Ukiitazama ile njia ya Lexus, Le Havre, Oman, Mombasa, Kampala, unaona kwamba inasomeka kama orodha ya bandari na mji wa mwisho. Ndivyo ambavyo kifaa cha namna hii kingetarajiwa kusema.

Kuna mambo matatu ambayo lazima yawe sawa ili maneno hayo yafike, na kila moja ni mahali ambapo traka za bei poa hufia.

La kwanza ni umeme. Traka inayonyonya betri ya gari peke yake hufa pale nyaya za betri zinapotolewa, na gari likiingizwa kontenani kwa kawaida betri hutenganishwa kwa kuhofia moto. Kifaa kilichokusudiwa kuvumilia wizi kina betri yake ndani. Vingine havina waya wowote wa kuungana na gari: vimelala usingizi, vinaamka mara moja kwa siku au hata mara chache zaidi, vinatuma neno moja, vinalala tena. Vya namna hiyo huishi miaka kwa betri moja. Mtu aliyezoea kuona gari lake likitembea kwenye simu sekunde kwa sekunde huvidharau, kumbe kwa wizi wa masafa marefu ndivyo vyenye uhai.

La pili ni laini. Gari likivuka mpaka, laini lazima ikubali mitandao ya nchi nyingine. Laini ya kawaida ya Kenya ndani ya traka, isiyo na huduma ya kutumika nje, inaweza kunyamaza mita chache baada ya Namanga. Na laini ya kulipia kabla iliyosahauliwa bila salio wala kifurushi hufungwa na kampuni ya simu siku moja bila mwenye gari kuwa na habari. Kifaa kizima, taa inawaka, laini imekufa.

La tatu ndilo lililoamua kisa chote, nalo halihusu mitambo hata kidogo. Wezi hawakukiona.

Wezi wazoefu wa magari Uingereza wana desturi ya kuliacha gari walilolipora limesimama mtaa wa kawaida siku mbili tatu, wakilitazama kwa mbali. Kama lina traka, polisi watakuja kulichukua, na wao hawatakuwapo. Wasipokuja, gari ni salama kuuza. Wengine hulipekua, wengine huwasha mtambo mdogo wa kuziba mawimbi unaochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, na wakati huo kifaa hakisikii setilaiti wala hakifikii mnara. Lakini mtambo huo unataka umeme na unataka gari liwe linaangaliwa. Hakuna anayeuwasha kwa majuma kadhaa ndani ya kontena lililofungwa lakiri. Mara tu unapozimwa, traka iliyofichwa vizuri hurudi kuzungumza kama vile hakukutokea kitu.

Kufichwa ndiyo kazi yenyewe

Ili kuona uzito wa jambo hili la kufichwa, turudi nyuma hadi Massachusetts, Marekani, mwaka 1986. Huko ndiko kampuni ya LoJack ilikoanza kuuza kifaa kilichobuniwa na William Reagan, mtu wa mji wa Medfield aliyewahi kusimamia polisi. Hakikutumia GPS; wakati huo raia wa kawaida hakuwa na habari nayo. Kilikuwa redio ndogo isiyosema neno hadi iamshwe. Gari likiripotiwa kuibwa, polisi waliingiza namba yake kwenye kompyuta, ishara ikatumwa hewani, kifaa kikaamka na kuanza kulia kwa masafa ya megahezi 173. Magari ya polisi yalikuwa na vipokezi vya kuonyesha upande na ukaribu wa mlio. Mawimbi ya masafa hayo hupenya kuta na chuma vizuri kuliko ya setilaiti, na ndiyo maana hata leo baadhi ya kampuni za Uingereza hufunga redio ya aina hiyo sambamba na GPS.

Lililokuwa jipya hasa ni kwamba hakuna aliyeweza kujua gari lipi linacho. Hakuna stika dirishani, hakuna taa, na kifaa kilikuwa na sehemu nyingi za kufichwa ndani ya gari. Mteja alilipa takribani dola 600 mara moja, akaendelea na maisha.

Mwaka 1998 wachumi Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha uchunguzi wao juu ya kilichotokea kwenye miji iliyoruhusu kifaa hicho. Waliona kwamba katika miji mikubwa, kila magari yenye LoJack yalipoongezeka kwa asilimia moja ya magari yote, wizi wa magari ulishuka kwa asilimia 20 hivi. Si wizi wa magari yenye LoJack. Wizi wote. Mwizi asiyejua lipi lina kifaa huogopa yote. Halafu wakapiga hesabu ya nani anafaidika, wakakuta kwamba aliyelipa zile dola 600 anapata chini ya asilimia 10 ya faida nzima. Iliyobaki, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, inakwenda kwa majirani ambao hawakutoa hata senti.

Hapa ningependa msomaji atue kidogo, kwa sababu ni kinyume kabisa na kufuli la usukani, lile la chuma jekundu au la njano linaloonekana tangu nje. Kufuli humwambia mwizi: ondoka hapa, nenda kwa jirani. Linamlinda mwenyewe na kumsogezea jirani balaa. Kifaa kilichofichwa humlinda jirani, na mwenyewe anapata fungu dogo. Soko la vifaa vya usalama wa magari limejaa vitu vya aina ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo: mtu hununua kinachomlinda yeye. Massachusetts iliamua kusukuma kidogo, ikazilazimu kampuni za bima kuwapunguzia ada wenye vifaa vya namna hiyo, na bado ulikuwa msukumo mdogo ukilinganisha na faida iliyosambaa.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo inatuunganisha moja kwa moja na Kampala. Magari mengi yaliyoibwa Marekani hayakuuzwa mazima. Yalipelekwa kwenye gereji za siri za kuchinjia magari, yakafumuliwa na kuuzwa vipande. Gari lenye LoJack likifika humo linaendelea kulia. Polisi wakija kulichukua wanakuta injini, milango na chasis za magari mengine kadhaa. Uchunguzi ule ule ulitaja gereji za namna hiyo zaidi ya 50 zilizovunjwa Los Angeles peke yake.

Sasa iweke Lexus yetu karibu na hizo gereji. Gari moja lenye kifaa, magari 28 mkononi mwa polisi. Wenye magari yale mengine wasingekuwa na habari kama magari yao yapo Afrika, Asia au yamekwishafumuliwa. Ni traka ya mtu mwingine iliyowafichulia.

Na kuna jambo ambalo wapelelezi husema chini chini na wauza traka hawalisemi kabisa: kama gari lile lingenaswa mapema, siku ya kwanza, mtaa wa tatu, kisa kingeishia hapo. Mwenyewe angerudishiwa gari, mtandao wa magendo ungeendelea kupakia makontena Le Havre. Kuchelewa ndiko kulikoufichua. Sijui kama yupo mwenye gari ambaye angekubali mpango huo akiulizwa kabla, nami simlaumu.

Traka zetu ziko pale pale

Afrika Mashariki sasa ina traka nyingi. Kenya, benki au sacco ikikukopesha fedha za gari, mara nyingi traka ni sharti. Anayekopa kwa kuweka rehani logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, naye hufungiwa. Kampuni za kukodisha magari haziwezi kufanya kazi bila hizo. Tanzania, mabasi ya mikoani yanafuatiliwa kwa mfumo wa LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, unaoripoti mwendo. Makontena yenyewe ya safari yanafuatiliwa: tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa pamoja wa lakiri za kielektroniki zinazoonyesha shehena ilipo kutoka Mombasa hadi mwisho wa safari. Mtu angedhani kwamba kwa vifaa vyote hivi, wizi umebanwa.

Tatizo ni kwamba nyingi ya hizi si traka za kufichwa, hata zikiwa hazionekani. Dereva wa basi anajua kifaa kipo na anapaswa kujua. Lengo ni apunguze mwendo. Mkopaji anajua, aliketi gereji akaangalia kikifungwa. Lakiri ya kontena inaning'inia mlangoni, na inasema kontena lilipo, haisemi kilichomo. Kontena la wizi lenye lakiri nzima, lisilochepuka njiani, kwa mfumo ule ni kontena jema.

Na zile zinazoitwa za siri zina ugonjwa wa mazoea. Fundi wa waya ana kazi nyingi, malipo ni kidogo, anahitaji umeme wa karibu. Basi atafungua plastiki ya chini ya usukani au nyuma ya redio, achomoe waya wa swichi, aunge, afunge kwa selotepu nyeusi, dakika ishirini kwisha. Gari la kesho hivyo hivyo. Mwizi hahitaji akili nyingi, anahitaji fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo. Selotepu mpya inayong'aa kati ya nyaya zenye vumbi la miaka saba humwita mtu kwa jina. Visa vya magari ya kukodi kuchukuliwa na mteja mwenye kitambulisho, traka ikanyofolewa ndani ya saa ya kwanza, halafu gari likavukishwa mpaka, ni habari za kawaida katika biashara hiyo.

Wanaofunga kwa uangalifu hufanya vingine. Huweka kifaa kimoja mahali pa kukutwa upesi, mwizi akitoe aridhike. Cha pili, chenye betri yake na kisichounganishwa na waya wowote, hukiweka mahali ambapo kukitoa ni kazi ya nusu siku: ndani ya kiti, nyuma ya bampa la plastiki, ndani ya nguzo ya mlango. Plastiki na kitambaa havizibi mawimbi, chuma huziba, kwa hiyo si kila pa siri panafaa. Mwenye gari halazimiki kujua kipo wapi, na dereva wake asijue kama kipo.

Siku hizi wapo wanaotupia ndani ya gari vile vibofyo vidogo vya kutafutia funguo na mabegi, kama AirTag ya Apple iliyotoka 2021. Ni rahisi, havina ada ya mwezi. Vina kasoro mbili. Hutegemea simu za wapita njia kupeleka habari, hasa iPhone, na katika barabara ya Malaba usiku huzikuti nyingi. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: ili visitumike kunyemelea watu, vimetengenezwa viitahadharishe simu ya mtu anayesafiri na kibofyo kisicho chake. Kwa hiyo humtonya mwizi. Kampuni ilifanya haki, kwa kuwa mwanamke anayefuatwa na mume wa zamani anahitaji ulinzi huo kuliko mimi ninavyohitaji gari langu. Lakini kifaa kinachojitangaza hakiwezi kufanya kazi ya kifaa kilichofichwa.

Nukta kwenye ramani

Tuchukulie yote yamekwenda vizuri. Kifaa kimefichwa, betri ipo, laini hai, nukta inawaka mtaa fulani wa Kampala. Hapo wengi huona kazi imekwisha.

Nukta haimpi mtu ruhusa ya kuingia uani kwa watu. Hata polisi wanahitaji taratibu za nchi yao, na nukta ya GPS mjini huweza kupotoka mita kadhaa, za kutosha kukupeleka nyumba ya jirani. Gari lililovuka mipaka linahitaji zaidi: polisi wa nchi lilikoibwa waliingize kwenye hifadhidata ya Interpol ya magari ya wizi, ndipo polisi wa nchi lilipo wathibitishe kwa namba ya chasis. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, nayo hugongwa upya na wezi wenye vyombo. Ndiyo maana wapelelezi huenda mbali zaidi ya bati la dashibodini, wakatafuta namba zilizochapwa kwenye injini, kwenye giaboksi, na zile zilizohifadhiwa katika kompyuta ya gari.

Halafu anatokea mtu wa nne ambaye visa vya traka humsahau: aliyelinunua. Katika Kampala yawezekana amelipa mamilioni ya shilingi, ana risiti, ana kadi ya usajili, na ushuru wa serikali amelipa. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa mzigo ungali Mombasa, kwa hiyo gari linapoingia Uganda linaonekana limekwishapita mikononi mwa serikali mbili. Sheria zenye asili ya Kiingereza husema mtu hawezi kuuza asichomiliki, na mnunuzi mwema wa mali ya wizi kwa kawaida huipoteza. Atabaki kumdai aliyemuuzia, akimpata.

Anayedai naye mara nyingi si yule aliyeibiwa. Bima ikishamlipa mteja, haki juu ya gari huhamia kwa bima. Nayo hupiga hesabu: meli ya kurudisha, maegesho, mawakili, na gari ambalo limekaa miezi uani mwa polisi likinyeshewa. Kwa Lexus ya miaka miwili hesabu yaweza kukubali. Kwa Probox ya miaka tisa iliyokutwa ng'ambo ya mpaka haikubali hata kidogo, na mwenyewe, kama hakuwa na bima kubwa, ndiye atakayepanda basi kulifuata.

Kwa hiyo swali la mnunuzi wa traka linapaswa kuwa na sehemu mbili. Kuhusu kifaa: kina betri yake, laini yake inafanya kazi Uganda na Kongo, nani analipia salio, na waliokiona kikifungwa ni wangapi. Kuhusu watu: nukta ikiwaka saa nane usiku Busia, nani yuko macho ofisini, ana namba ya afisa gani, na je, kampuni imewahi kupita mchakato wa kuripoti gari hadi likaingia kwenye orodha ya Interpol, au huishia kukutumia picha ya ramani kwenye WhatsApp. Anayeuza huwa na majibu mepesi ya sehemu ya kwanza. Ya pili mwulize mteja wake ambaye tayari ameibiwa.